JICHO ZIMA, NURU HAKUNA

Ndugu wafanyakazi, ugonjwa huu si wa kila siku, lakini ukimpata mtu humwumiza mara mbili: kwanza humpunguzia nuru ya jicho, kisha nyapara humwita mwongo. Jicho halina wekundu wala usaha, ukilitazama ni zima kabisa. Ubaya uko nyuma yake.

Nyuma ya kila jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, kama waya unaopeleka umeme kwenye mota. Waya huo una ganda. Mara nyingi askari wa mwili wenyewe ndio wanaolishambulia ganda hilo, mshipa ukavimba, picha ikafika hafifu au isifike. Taa ni nzima, waya ndio mbovu.

Kwa kawaida hushika jicho moja. Nuru hupungua kwa saa au siku chache, jicho huuma likigeuzwa, na rangi hufifia, hasa nyekundu. Kwa mtu wa mtambo hilo si jambo dogo, maana taa ya hatari ni nyekundu. Jaribu hivi: funika jicho moja utazame kitambaa chekundu, kisha funika la pili.

Tena kuna jambo ambalo daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika mwaka 1890: mwili ukipata joto nuru hupungua zaidi, ukipoa hurudi. Basi aliye kwenye boila au kwenye miwa huona afadhali asubuhi na vibaya saa saba mchana. Nyapara atasema ni uvivu. Si uvivu.

Wengi huanza kupata nuru tena baada ya wiki 2 au 3. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1992 ulionyesha kwamba dawa ya steroidi ikiingizwa mshipani kwa siku 3 huharakisha kupona, lakini vidonge vyake peke yake, kwa kipimo cha kawaida, viliongeza ugonjwa kurudi. Kwa hiyo usijinunulie vidonge dukani. Wala usingoje nyumbani, kwani iko aina kali, inayowapata zaidi watu weusi, ambayo huweza kushika macho yote mawili na uti wa mgongo, na nuru isirudi. Anayetumia ethambutoli ya kifua kikuu amwambie daktari, maana nayo huweza kuumiza mshipa huo.

Kwa wenzetu wa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa aliyetimiza mwezi 1 kazini mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa kuugua. Lakini mwajiri apewe habari mapema, na akidai cheti cha daktari aletewe. Mwakilishi wa chama adai pia kwamba mgonjwa akirudi awekwe mbali na mikanda na misumeno mpaka jicho lipimwe tena, kwani anayeonea jicho moja hukosea umbali.