Windows 10 Imefika Mwisho: Saiba ya Kibirichia Ibadilishe Mfumo au Isubiri?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioanza kutumika Julai 2015. Hakuna kompyuta iliyozimika kwa sababu hiyo. Aliyeingia saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, siku iliyofuata kuchapisha barua ya kuomba kazi alikuta skrini ileile na kibodi ileile, na akalipa bei ileile. Mashine inayofanya kazi haimpi mwenyewe sababu ya kuingia gharama, na hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu.

Kibirichia iko Buuri, Kaunti ya Meru, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya. Wengi nchini huijua kwa viazi vinavyopakiwa kwenye malori. Katika vituo vya soko vya aina hii, saiba ni ofisi ya kila mtu. Hapo ndipo ritani za kodi za KRA hujazwa kabla ya tarehe 30 Juni, waliomaliza kidato cha nne huchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, mkopo wa masomo wa HELB huombwa, na cheti cha maadili mema hutafutwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Tangu 2024 pamekuwa na usajili wa bima ya afya ya SHA pia. Karibu kila moja ya huduma hizo humtaka mtu aandike nambari ya kitambulisho au nywila yake kwenye kompyuta isiyo yake.

Mwenye kompyuta ya nyumbani akikaa na mfumo usiohudumiwa, anahatarisha picha na barua zake mwenyewe. Mwenye saiba akifanya hivyo, anaamua kwa niaba ya mkulima, mwalimu na msichana anayeomba chuo, watu ambao hawakuulizwa na hawana njia ya kujua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde ipasavyo. Hata sheria hiyo isingekuwepo, wajibu ungebaki uleule.

Mfumo endeshi ndio unaosimamia kila kitu ndani ya kompyuta: kumbukumbu, diski, printa, mtandao, na ruhusa ya programu moja kugusa kazi ya nyingine. Umejengwa kwa mamilioni ya mistari ya msimbo, na katika msimbo mwingi kiasi hicho makosa hayakosekani. Mengi hayana madhara makubwa. Machache humwezesha mtu aliye mbali kuendesha amri zake kwenye mashine ya mwingine, na hayo huitwa matundu ya usalama. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuziba yale yaliyogunduliwa.

Tatizo ni kwamba kiraka chenyewe hutoa siri. Mtaalamu akilinganisha faili la zamani na lile lililosahihishwa, huona mistari iliyobadilika, na kutokana nayo hufahamu kosa lilikuwa wapi na linavyoweza kutumiwa. Aliyekwisha kuweka kiraka hana la kuhofia kutokana na kosa hilo. Aliyebaki na mfumo ambao hautakipata kamwe, udhaifu wake umetangazwa hadharani. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu kubwa ya msimbo unaofanana. Kwa hiyo baadhi ya matundu yanayozibwa kila mwezi kwenye 11 yamo kwenye 10 pia, na kwenye mashine isiyohudumiwa yatabaki wazi.

Hili limewahi kuthibitishwa kwa vitendo. Oktoba 2017 Mateusz Jurczyk, mtafiti wa kikosi cha Project Zero cha Google, alieleza jinsi alivyolinganisha kiini cha Windows 7 na kile cha Windows 10. Alikuta makosa yaliyokuwa yamesahihishwa kimyakimya katika mfumo mpya lakini yakaachwa katika ule wa zamani. Wakati huo Windows 7 ilikuwa bado ikipata viraka. Mfumo ulioachwa kabisa uko katika hali mbaya zaidi.

Mkulima wa Kibirichia anaijua hatari ya namna hii. Mbegu ya viazi ikitolewa kwenye mavuno ya mtu mwenyewe msimu baada ya msimu, hujikusanyia virusi na bakteria wa mnyauko. Kiazi hutazamika kizima kabisa, na ugonjwa hujitokeza kikishaingia ardhini.

Mfano mkubwa wa madhara ya matundu yasiyozibwa bado ni programu hasidi ya WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana mafaili na printa kwenye mtandao wa ofisi. Mwezi uliofuata kundi lililojiita Shadow Brokers likaanika zana ya kulitumia tundu hilo, iliyotoka katika shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Tarehe 12 Mei WannaCry ikaanza kusambaa. Katika siku chache iliingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikifunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kufuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Ilihama yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine, bila mtu kubofya chochote. Saiba yenye kompyuta sita kwenye kebo moja ni aina hasa ya mahali ambapo ingepita zote kwa mkupuo. Kwa hesabu za kampuni ya Kaspersky, takriban asilimia 98 ya mashine zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo ilikuwa bado ikihudumiwa. Kiraka kilikuwa kimetolewa siku 59 kabla. Hakikuwekwa.

Hata hivyo, wanaoogopa masasisho wana sababu, na si haki kuwadharau. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilianza kugawa toleo jipya la Windows 10, na baadhi ya watumiaji wakakuta mafaili yao yamefutika. Kampuni ililisimamisha baada ya siku chache, ikalirudisha Novemba. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na viwanja vya ndege duniani vikajaa abiria waliokwama. Mwaka 2016 ilisikika kutoka mradi wa uhifadhi wa Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwamba kompyuta iliyokuwa ikitumia intaneti ya setilaiti porini ilianza kujipakulia Windows 10, gigabaiti kadhaa, bila kuombwa. Anayenunua bando kwa pesa za mfukoni anaelewa uchungu huo bila kufafanuliwa.

Ukitazama visa hivi kwa makini, utaona kwamba watu huchanganya mambo mawili. Kiraka cha kila mwezi kinaziba tundu linalojulikana, na kila wiki ya kuchelewa humfaidi mshambuliaji. Toleo jipya zima, kama kutoka Windows 10 kwenda 11, linabadilisha msingi, na hapo kungoja miezi kadhaa ni busara: waliotangulia hugundua kasoro kwa niaba ya wengine. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021. Muda wa kungoja kwa sababu hiyo ulikwisha zamani.

Njia ya kwanza ni kuhamia Windows 11, na kizuizi chake cha kweli ni mashine zenyewe. Windows 11 inadai gigabaiti 4 za RAM, diski ya gigabaiti 64, na chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayotunza funguo za siri. Kwa kompyuta za Intel, inataka prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache sana. Namna ya kujua ni rahisi: i5-6500 ni ya kizazi cha 6, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, yaani tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo husema, na ikiwa ni 1, husomwa mbili za kwanza. Kompyuta za mtumba zinazouzwa Kenya kwa jina la ex-UK si haba zilizo chini ya kiwango hicho. Ni imara, zina miaka mingi ya kazi mbele yake, lakini Windows 11 haizitaki. Mafundi wana mbinu za kuilazimisha iingie. Microsoft nayo imesema wazi kuwa mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho, kwa hiyo mtu anaweza kujikuta amehangaika bure.

Njia ya pili ni kulipia muda. Kwa kompyuta za nyumbani, Microsoft iliweka mpango wa viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Biashara na taasisi zina mpango wake: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka, hadi miaka mitatu. Jumla ni dola 427 kwa mashine moja. Hiyo ni pesa ya kununulia kompyuta nyingine iliyotumika, tena ya kizazi kinachokubalika.

Njia ya tatu haizungumzwi vya kutosha. Linux Mint na Ubuntu ni mifumo endeshi ya bure inayokwenda vizuri kwenye prosesa za kizazi cha 4 au cha 6, na matoleo yake ya muda mrefu hupata viraka kwa miaka 5. Kazi nyingi za saiba leo hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox au Chrome kwenye Linux hufungua eCitizen sawasawa na kwenye Windows. Ugumu uko pembeni: printa ambazo hazina programu ya Linux, na majedwali ya Excel yenye makro ambayo programu ya LibreOffice huweza kushindwa kuyaendesha. Kwa hiyo saiba yenye mashine za zamani ingefaa kuweka Linux kwenye zile wanazokalia wateja, na kutafuta moja tu yenye Windows 11 kwa kazi zinazoing'ang'ania. Mfumo unaweza kujaribiwa kwanza kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, na printa ikapimwa siku hiyohiyo.

Anayehamia Windows 11 ajiandae kwa stima na bando. Faili la usakinishaji linazidi gigabaiti 5, na umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya mezani isiyo na UPS inaweza kukataa kuwaka. Mafaili yanakiliwe kwanza kwenye diski ya nje. Upakuaji ufanywe mara moja tu, uwekwe kwenye flashi na kutumika kwa mashine zote. Kwa viraka vya baadaye, Windows ina mpangilio unaoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kupeana masasisho badala ya kila moja kuyavuta upya kutoka nje. Mambo yakiharibika, kuna siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa zamani kabla mafaili yake hayajafutwa.

Wakati nao uchaguliwe. Mwezi Juni foleni ya ritani ni ndefu, na mashine kukwama humpotezea mteja tarehe ya mwisho. Foleni hiyo ikiisha, kati ya Julai na Septemba kuna nafasi ya kubadilisha kompyuta moja, kuitumia wiki mbili kwa kazi za kila siku, na kuigusa ya pili baada ya printa na tovuti zote kukubali.