Msumeno wa Mnyororo: Utayarishaji Wake na Dalili za Ubovu

Chama cha msingi ambacho wanachama wake huvuna misindano na mikaratusi, au hupunguza miti ya kivuli katika mashamba ya kahawa, hakikosi kuhitaji msumeno wa mnyororo, ule ambao wengi huuita chenso. Mashine hii hununuliwa kwa fedha za wanachama, nayo huweza kuharibika kabisa katika siku moja kwa kukosewa mafuta. Aidha, ni mashine inayojeruhi na kuua. Yafaa basi kila katibu aielewe, hata kama si yeye aishikaye.

MAFUTA
Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili, wala haina hodhi lake la oili kama injini ya gari. Pistoni hulainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli. Kwa hiyo petroli tupu ikitiwa, pistoni na silinda husuguana zikiwa kavu, hupata joto kali, kisha hukwama. Matengenezo yake huweza kukaribia bei ya mashine mpya.

Tumia oili maalumu ya injini za mipigo miwili. Misumeno mingi ya siku hizi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Iwapo kitabu cha mashine kinataka sehemu 25 kwa 1, kipimo kitakuwa mililita 200. Changanya katika dumu safi, utikise vizuri, wala usiweke mchanganyiko kwa zaidi ya mwezi mmoja. Dumu liandikwe wazi, lisije likadhaniwa kuwa la petroli tupu.

Tangi la pili ni la oili ya mnyororo. Lijazwe kila tangi la petroli linapojazwa.

KUFUNGA NA KUKAZA MNYORORO
Zima injini, iache ipoe, vaa glavu. Makali ya meno yaliyo upande wa juu wa upanga yaelekee mbele, penye ncha. Legeza nati za kifuniko, inua ncha ya upanga, kaza skrubu ya mnyororo hadi mnyororo uguse upande wa chini wa upanga, kisha kaza nati huku ncha ingali imeinuliwa. Mnyororo uliokazwa sawasawa haulegei chini, lakini huvutika kwa mkono. Mnyororo mpya hurefuka upesi. Ukaguliwe mara kwa mara siku ya kwanza.

KUNOA
Tazama unga wa mbao. Meno makali hutoa vipande. Meno butu hutoa vumbi laini, na mkataji hulazimika kukandamiza. Noa kwa tupa ya mviringo ya kipimo kilichotajwa katika kitabu, kwa pembe moja katika meno yote, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje. Hesabu misukumo: jino likipata mitatu, na mengine yapate mitatu.

DALILI NA SABABU ZAKE
Injini haiwaki: Hakikisha swichi imefunguliwa na tangi lina mafuta, kisha fungua plagi. Ikiwa imelowa, petroli imezidi. Zima swichi, vuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi, kausha plagi, uirudishe. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: chunguza chujio lililo ndani ya tangi, mpira wa mafuta na tundu la hewa la tangi.

Injini inawaka lakini inazima ikipewa kazi: Choki huenda haikurudishwa, au chujio la hewa limejaa vumbi. Lisafishe kila siku ya kazi. Skrubu za kabureta zisiguswe kabla ya hapo, kwani kupunguza mafuta kupita kiasi huunguza pistoni. Kazi hiyo aachiwe fundi.

Mnyororo unazunguka bila kubonyezwa mafuta: Injini imewekwa mwendo wa juu mno. Punguza kwa skrubu ya mwendo wa polepole. Ukiendelea kuzunguka, springi za klachi huenda zimechoka. Msumeno wa namna hii usitumike hata kwa mti mmoja.

Upanga unatoa moshi: Oili ya mnyororo haifiki. Jaza tangi, safisha tundu la oili na mfereji wa upanga.

Msumeno unakata upande: Meno ya upande mmoja ni mafupi au butu kuliko ya upande wa pili, au upanga umelika.

USALAMA
Sehemu ya juu ya ncha ya upanga ikigusa mti, msumeno hurushwa nyuma kuelekea usoni kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikwepa. Kwa hiyo shika kwa mikono miwili, usikate juu ya bega, na ujaribu breki ya mnyororo kila asubuhi. Breki isiyofanya kazi yatosha kuizuia mashine isitoke ghalani. Kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, na buti imara ni sehemu ya bei ya msumeno, wala si anasa. Mti unapoangushwa, watu wengine wakae mbali kwa umbali usiopungua urefu wa miti miwili.

WAJIBU WA CHAMA
Msumeno unaoazimwa ovyo huwa hauna mwenyewe. Kamati iteue watumiaji waliofunzwa, nao watie sahihi daftarini wanapouchukua na wanapourudisha, wakiandika saa za kazi, mafuta yaliyotumika na dalili yoyote ya ubovu. Kabla ya kuidhinisha fedha za fundi, katibu aulize kwanza habari ya chujio, plagi na mafuta. Mashine nyingi zinazodaiwa kufa zimezibwa na vumbi tu; na zile zilizokufa kweli, daftari litaonyesha ni nani aliyezitia mafuta mara ya mwisho.

Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya mbele ya watumiaji wa msumeno, mashine yenyewe ikiwa mezani.