Kumtunza mzee nyumbani: Nani anamlipa binti aliyebaki?

UKIPITA Kisauni, Likoni au Mji wa Kale na kuuliza iliko nyumba ya wazee, huenda ukaonyeshwa baraza ambako mababu wanacheza bao. Kwa wakazi wengi wa pwani, nyumba ya wazee ni hiyo tu. Kumpeleka mzazi mahali pa kulipia, akaoshwe na kulishwa na watu asiowazaa, ni jambo ambalo hata wenye uwezo hulisema kwa kunong'ona. Majirani watadai umemtupa mamako, na hakuna mtoto anayetaka mzazi afariki bila ya kumwachia radhi.

Kwa hivyo mzee hubaki nyumbani. Swali ambalo familia nyingi hazijiulizi ni kwamba kubaki huko kunagharimu pesa ngapi, na zinatoka mfukoni mwa nani. Tumezoea kusema utunzaji wa nyumbani ni wa bure. Si wa bure hata kidogo.

Tuchukue mfano. Mama mwenye umri wa miaka 78 anaishi Kisauni. Ana watoto watano. Kifungua mimba na mdogo wake wanafanya kazi Nairobi, wa tatu ameolewa Lamu, wa nne yuko Saudi Arabia ambako ameajiriwa nyumbani kwa watu, na kitinda mimba, binti, anaishi na mamake. Mama anapatwa na kiharusi na upande mmoja wa mwili unapooza. Baada ya wiki mbili katika hospitali kuu ya Makadara anaruhusiwa kurudi nyumbani. Kikao cha familia kinafanywa kwa simu na uamuzi unapita bila ya mjadala: kitinda mimba atafunga kibanda chake cha viazi karai na mahamri ili amwangalie mama. Wengine watakuwa wakituma chochote.

Sasa hebu tuipigie hesabu kazi ya binti huyu kana kwamba ameajiriwa. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Mombasa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Juu ya hapo mwajiri hutakiwa kumchangia NSSF na ada ya nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataka apewe angalau siku moja ya mapumziko kila wiki, na siku 21 za likizo kwa mwaka.

Huyo ni mtu mmoja tu, tena ni binadamu anayehitaji kulala. Mgonjwa aliyepooza na asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili au hivi, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia. Ukiajiri wa mchana na wa usiku, mishahara pekee imepita Sh32,000, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Muuguzi aliyesomea kazi hiyo hatakubali pesa hizo.

Ndipo uje kwenye vitu ambavyo hakuna aliyevitaja kikaoni. Pampasi za watu wazima, kwa mfano. Nne kwa siku ni 120 kwa mwezi. Ingia duka la dawa lililo karibu nawe, uliza bei ya moja, kisha uzidishe. Familia nyingi hufanya hesabu hiyo mara moja tu, zikarudi kwenye vipande vya kanga kuukuu. Mzigo wa kufua unamwangukia binti yule yule, katika mji ambao mifereji hukauka kwa siku kadhaa na maji hununuliwa kwa mitungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni. Kuna dawa za presha zisizokatika, tuktuk ya kwenda kliniki na kurudi, na kwa wakazi wa Likoni kuna kivuko cha feri, ambako kumvusha mgonjwa wa kiti cha magurudumu katikati ya umati ni kazi ya watu wawili.

Na yule dada aliyeko Saudi Arabia? Huenda huko anamwosha na kumlisha ajuza wa watu, na analipwa kila mwezi. Kazi ni ile ile. Ikifanywa kwa mama mzazi, inaitwa wajibu na haina mshahara.

Serikali nayo inasaidia vipi? Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema mzee ana haki ya kupata utunzaji unaofaa kutoka kwa familia yake na kwa dola. Kwa vitendo, mchango wa dola unaojulikana zaidi ni pesa za wazee za mpango wa Inua Jamii, ambazo tangu 2018 ziliwekewa kila aliyetimiza miaka 70 na asiyepokea pensheni. Ni Sh2,000 kwa mwezi, na mara nyingi huchelewa. Mshahara wa chini wa mtunzaji mmoja ni zaidi ya mara nane ya pesa hizo. Hata hivyo, zisidharauliwe. Wako wazee waliofikisha umri baada ya usajili wa 2017 ambao walingoja kwa miaka mingi, na wengine hawajafuatilia tena. Uliza kwa chifu au katika ofisi ya ustawi wa jamii, na ubebe kitambulisho cha mzee.

Kuhusu bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kuna jambo linalowachanganya watu. Mzazi haingii kwenye bima ya mwanawe kama mke na watoto wanavyoingia. Hujisajili kivyake, naye asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua Sh3,600. Hakuna kinachowazuia watoto kuchanga pesa hizo. Lakini wajue kwamba bima hiyo ni ya matibabu, haimlipi mtu wa kukesha na mgonjwa.

Misaada mingine ipo ila haitangazwi sana. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa vifaa mnamo Septemba 2023 hubeba mashine za kupima presha na sukari, na huja nyumbani bila ya malipo. Kwa wenye saratani na maradhi mengine yasiyopona kuna Coast Hospice, katika uwanja wa hospitali ya Makadara, ambako jamaa hufunzwa jinsi ya kumpunguzia mgonjwa maumivu. Chama cha walemavu APDK kina kituo Port Reitz, na hapo ndipo pa kuanzia ukitafuta kiti cha magurudumu au magongo.

Kaunti jirani ya Kilifi kuna jambo zito zaidi. Huko wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi chanzo ni ugomvi wa shamba. Wengine hupaka mvi zao rangi nyeusi ili waonekane vijana. Kaya Godoma, Ganze, huwapa hifadhi waliokimbia nyumba zao. Mzee anayepoteza kumbukumbu, akatembea usiku na kuzungumza peke yake, huhitaji mtu wa kumwangalia kwa karibu, kwani akionekana mlangoni kwa watu saa nane za usiku huenda asipewe nafasi ya kujieleza.

Turudi Kisauni. Ndugu wanne wa binti yetu wanaweza kukaa tena kwenye simu, safari hii na kalamu mkononi, waandike nani analipa dawa, nani pampasi, na nani atachukua likizo aje Mombasa wiki mbili ili dada yao alale. Wafikirie pia siku mama atakapoondoka, nyumba iuzwe na kugawanywa, naye awe amepitisha miaka kumi bila biashara wala akiba. NSSF ina mpango wa Haba Haba kwa wasioajiriwa, ambao mtu huweka kuanzia Sh25 kwa siku. Kwa mwezi ni Sh750, na zikigawanywa kwa ndugu wanne hazifiki Sh200 kila mmoja.