Kipanya kiligoma, pesa ya dagaa roho juu!

Leo tuko Kagunga, ufukweni mwa Tanganyika, jirani na Burundi. Kaka yangu aliuza dagaa wa msimu mzima, akanunua kompyuta chakavu yenye Linux ya zamani ili afungue kibanda cha kuchapa barua. Tukawasha jenereta. Loh! Picha inayumba kama mawimbi, mshale umekauka kama ng'onda. Shemeji akanuna: "Pesa yangu hiyo!"

Nikabonyeza Ctrl, Alt na Backspace kwa pamoja, maandishi yakarudi. Kumbe mashine nzima! Nikanakili kwanza faili la XF86Config lililomo /etc/X11, ndipo nikalifungua. Kipanya chetu kina plagi ya duara, lakini faili lilikuwa likikitafuta /dev/ttyS0, tundu la pini tisa. Nikaandika /dev/psaux, aina PS/2. Kwenye HorizSync na VertRefresh nikaweka namba za kijitabu cha skrini. Ukizidisha, skrini ya kale yaweza kuungua.

Nikahifadhi, nikaandika startx. Picha ikatulia, mshale ukacheza, shemeji akapiga vigelegele!

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujalia umetapeliwa, soma faili. Tukutane wiki ijayo!