Mtoto aliyekatwa mafindofindo: Si kila dawa ya maumivu inamfaa



Mtoto aliyekatwa mafindofindo, ambayo wengi huyaita tonsesi, huumwa koo kwa wiki moja na hata siku kumi. Asipopewa dawa hatakubali kunywa maji, na koo likikauka maumivu huzidi. Kwa hiyo dawa ni lazima. Swali ni dawa ipi?

Wapo wazazi ambao kwa huruma humkatia mtoto kidonge cha mtu mzima kilichobaki nyumbani. Hapo ndipo penye hatari. Kodeini, ambayo imo pia katika baadhi ya dawa za kikohozi, ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa mofini. Kuna watu ambao ini lao huigeuza kwa kasi mno, na wameonekana wengi zaidi Ethiopia na Saudi Arabia kuliko Ulaya ya Kaskazini. Huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Mtoto wa aina hiyo, hata akipewa kipimo cha kawaida, anaweza kulala usingizi mzito, pumzi ikapungua mpaka ikakatika. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyekuwa akikoroma na kukatikiwa pumzi usingizini.

Kutokana na vifo vya namna hii, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia kodeini kwa watoto baada ya upasuaji huu. Mwaka 2017 ikazuia na tramadoli kwa walio chini ya miaka 18.

Basi tumpe nini? Parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 16 hupata miligramu 240. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hizo ni mililita 10. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Ibuprofeni nayo husaidia, lakini muulize kwanza daktari aliyempasua. Aspirini asipewe kabisa.

Mtoto akiwa mgumu kuamka, akihema polepole, midomo ikibadilika rangi au akitema damu mbichi, mkimbize hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Damu inaweza kutoka hata baada ya siku tano au zaidi.

Allah awape shifa watoto wetu. Amin.