Umechelewa Kulipa Mkopo wa Nyumba? Jua Siku Ulizonazo

Biashara imelala, mshahara haujaingia, na benki inapiga simu kuhusu mkopo wa nyumba. Wengi wetu hapo huzima simu, tukidhani dalali atakuwa getini kesho. La hasha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu mkopeshaji kuuza nyumba yako ghafla. Kuna hatua, na kila hatua ina siku zake.

Hatua zenyewe

1. Ukikaa mwezi 1 bila kulipa, benki inaweza kukuandikia notisi. Lazima ikuambie kiasi unachodaiwa na ikupe angalau miezi 3 ya kurekebisha. Hapa bado unaweza kulipa kilichochelewa tu na mkopo uendelee.
2. Miezi hiyo ikiisha, inakuja notisi ya kuuza: siku 40. Mume au mke wako pia anafaa kupewa nakala.
3. Kisha dalali anakuletea notisi yake: siku 45 za kukomboa nyumba. Baada ya hapo ndipo mnada unatangazwa gazetini.

Hata mnada ukitangazwa, ukilipa deni lote na gharama kabla nyundo haijagonga, nyumba inabaki yako.

Omba nafuu mapema

Machi 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ya Kenya iliruhusu benki kuwaongezea wakopaji muda, na gharama ya kupanga mikopo upya ikabebwa na benki. Mpango huo uliisha Machi 2021. Siku hizi nafuu huji kuletewa, unaiomba mwenyewe. Andika barua uombe kuongezewa muda, au kulipa kidogo kwa miezi kadhaa. Ikishindikana kabisa, omba ruhusa uitafutie nyumba mnunuzi mwenyewe. Mara nyingi utapata bei nzuri kuliko ya mnada.

Ukienda kortini, jua hili: kubishana tu kuhusu hesabu ya deni kwa kawaida hakusimamishi mnada. Lakini kama hukupewa notisi, au nyumba ya familia iliwekwa rehani bila idhini ya mume au mke, hapo una hoja. Pia benki lazima iithamini nyumba kabla ya kuuza. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaichukulia kwamba haikutafuta bei nzuri, hadi ithibitishe vingine.

Lipa kwa njia salama

Mtu akikupigia akisema, "Nitumie kitu kidogo nisimamishe mnada," usitume. Lipa kwa nambari ya paybill iliyo kwenye barua ya benki, na uweke nambari ya akaunti ya mkopo wako. Usilipe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata akijiita dalali. Ujumbe wa malipo usiufute, ndio risiti yako.

Kwa hivyo simu ya benki ikiita leo, ishike. Ukianza kuzungumza katika ile miezi 3 ya kwanza, una nafasi kubwa zaidi ya kuokoa nyumba.