Mwanafunzi wa Ng'ambo na Akaunti Yake ya Benki

Tuseme kijana wa Nyabiondo amemaliza shule ya sekondari, diploma yake ya Serikali anayo, na chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji kimemwandikia barua ya kumpokea. Jamaa yote yashangilia. Baba ameuza ng'ombe wawili, mama ametoa akiba ya maharagwe aliyouza sokoni mwaka mzima, wajomba na shangazi wamechanga kila mtu kadiri yake. Fedha imepatikana. Je, itamfikiaje mwana huko aendako, naye akiisha kuipokea ataiweka wapi? Wengi hulifikiri jambo hili siku ya mwisho, mizigo imekwisha kufungwa.

Twajua kwamba wazee wetu wengi hawaipendi benki, wala tusiwacheke. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 Serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadili, tena kwa kiasi kilichowekwa. Aliyekaa mbali na benki alibaki na makaratasi mkononi. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani ziligeuka kuwa zaire 1 mpya, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka kuwa faranga 1. Mtu aliyeyaona hayo alinunua ng'ombe, kwa maana ng'ombe hafutwi kwa tangazo la redio. (Ingawa sisi wa Masisi twajua pia jinsi vita vilivyomaliza makundi mazima ya ng'ombe.) Tena mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa M23, benki zake zilifunga milango. Watu wenye akaunti, au konti kama wasemavyo wengi kwetu, walivuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kuitafuta fedha yao wenyewe.

Basi mzee akisema, "Mwanangu, chukua fedha yote uishone ndani ya koti," tunamwelewa. Lakini njia ya kutoka Nyabiondo kupita Masisi na Sake mpaka Goma ina vizuizi vingi na mikono mingi. Tena kule Ulaya noti ndani ya koti hazimsaidii mwanafunzi. Mwenye nyumba ataka kodi ilipwe kwa benki, chuo vilevile. Na akipata kazi ndogo ya wanafunzi, mshahara wake utapita huko huko.

Hapo ndipo kijana anapokutana na fumbo linalowachosha wageni wengi. Karani wa benki amwuliza, "Wakaa wapi?" Mwenye nyumba amwuliza, "Akaunti yako iko wapi?" Kila mmoja amngoja mwenzake. Katika Ubelgiji fundo hili hufunguliwa kwanza kwenye ofisi ya komini. Mgeni hana budi kujiandikisha huko katika siku 8 za kazi tangu kufika kwake. Kisha polisi wa mtaa huja nyumbani kuhakikisha kwamba kweli anakaa pale. Kwa hiyo mwanafunzi asikawie kuandika jina lake kwenye kengele ya mlango na kwenye sanduku la barua. Polisi asipoliona jina, aweza kuandika kwamba hakumkuta, na kitambulisho cha ukaaji kitachelewa. Jambo dogo hilo, lakini limewapotezea wengi muda mrefu.

Je, benki yaweza kumkataa kwa sababu ni mgeni? Sheria yasema hapana. Ubelgiji ilitoa sheria ya akaunti ya msingi mwaka 2003. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kila mtu akaaye kihalali katika nchi zake ana haki ya kupata akaunti ya namna hiyo, hata asiye na makao ya kudumu. Benki ikiisha kupokea hati zote, yapasa kujibu katika siku 10 za kazi. Ikikataa, hutoa sababu yake kwa maandishi, bila malipo. Karani akisema kwa mdomo tu, "Haiwezekani," mwanafunzi aombe kwa adabu barua ya kukataliwa. Mara nyingi ombi hilo peke yake hubadili maneno. Akiona ameonewa, aweza kumwandikia mpatanishi wa mambo ya fedha, aitwaye Ombudsfin. Na kwa mzee aliyepata hasara ya mwaka 1979 tuongeze hili: katika nchi za Umoja wa Ulaya, benki ikianguka, kila mwekaji hulindwa hadi euro 100,000.

Hata hivyo haki hiyo ina mpaka. Benki yaweza kukataa ikiwa sheria ya kuzuia fedha chafu yaizuia, na ndiyo sababu karani huuliza, "Fedha hii yatoka wapi?" Swali hilo huwaudhi vijana wetu, nao hudhani wanadharauliwa. Wasikasirike upesi. Mwezi wa Oktoba 2022 shirika la mataifa la kupambana na fedha chafu liliitia Kongo katika orodha ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu zaidi, na tangu hapo maswali yameongezeka. Dawa yake ni karatasi. Baba akiuza ng'ombe, na iandikwe hati yenye tarehe, bei, na sahihi za muuzaji, mnunuzi na mashahidi. Mjomba mwenye mshahara atoe karatasi ya mshahara. Hati hizo ni rahisi kuzipata mwana akiwa bado nyumbani. Akiisha kufika Liège au Louvain ni kazi kubwa.

Kuna tena habari ya majina. Mwaka 1972 Serikali ilikataza majina ya Kikristo, watu wakachukua majina ya mababu. Baada ya 1990 wengi wakayarudia yale ya ubatizo. Hivyo mtu mmoja aweza kuwa na jina moja kwenye cheti cha ubatizo, lingine kwenye diploma, na matatu kwenye pasipoti. Kwetu hakuna anayeshangaa. Kompyuta ya benki, lakini, haimjui babu yako. Kwake herufi moja ikitofautiana, huyo ni mtu mwingine. Mwanafunzi alinganishe hati zake zote na pasipoti kabla ya kuomba viza, na mtumaji wa fedha aandike jina kama lilivyo katika pasipoti.

Wanaokwenda Ujerumani hukuta desturi nyingine: hutakiwa waonyeshe kwanza fedha ya mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, ambayo hutoa sehemu yake kila mwezi. Septemba 2024 kiasi chake kiliwekwa kuwa euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Jamaa nyingi za kwetu haziwezi. Wale waendao Kampala hupata njia nyepesi zaidi: pasipoti, ruhusa ya masomo, barua ya chuo, na barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Neno moja kwa wanafunzi wenyewe. Atakuja mtu mwenye maneno matamu, pengine mwenye lugha yako, akuombe kadi yako na namba yake ya siri kwa siku mbili tu, akuahidi euro mia kadhaa. Huyo anataka kupitisha mali ya wizi kwa jina lako. Polisi wakija, watakuta jina lako, wala hawatalikuta lake. Utapoteza akaunti, pengine na masomo.

Namba ya akaunti ya Ubelgiji huanza na herufi BE, na kufuatwa na tarakimu 14. Mwana akiipeleka nyumbani, baba aiandike kwenye daftari, na mtu wa pili aisome kwa sauti tarakimu moja moja. Kisha apeleke kwanza kiasi kidogo, labda dola 20, angoje. Fedha ya ng'ombe wawili ibaki ilipo mpaka simu ilie kutoka ng'ambo na mwana aseme, "Baba, imefika."